Swichi ya Amplifaya Yako

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima. Goti la Mama limetulia, ameanza tena kupanda ngazi mwenyewe, na anatugombeza kila ghorofa. Wifi na watoto hawajambo? Na kile kifua chako, kimeachia?

Nimeshika kalamu kwa sababu ya jambo la Jumanne. Nilikuwa kwenye meza yangu ya ufundi, akaingia Besi. Ndiyo, yule yule uliyepiga naye muziki miaka kumi kabla hamjanuniana. Ameota mvi. Alikuwa amebeba amplifaya ya gitaa ya kikundi chake kipya. Ina sauti mbili, moja laini na moja ya kukwaruza, ila swichi yake ya kukanyaga kwa mguu imepotea. Akaniomba nimtengenezee nyingine.

Kazi yenyewe si ngumu. Nilichukua kiboksi cha bati, nikatoboa tundu la swichi na tundu la waya. Ndani ya waya huo kuna uzi wa katikati, na wavu wa shaba unaouzunguka. Kila kimoja unakilehemu kwenye pini yake. Ukikanyaga vinagusana, amplifaya inahamia sauti ya pili. Ukikanyaga tena vinaachana, inarudi. Besi alivuta kiti akawa ananitazama. Mara akacheka, akaniambia nilehemu vizuri, maana kuna watu walishavunja urafiki kwa kidude kama hicho. Alisema kwa utani tu. Nikazima pasi ya kulehemu.

Kaka, hapa nisome taratibu. Siku ile ya mashindano, ulipokanyaga swichi uingie kwenye solo na gitaa likabaki kunong'ona mbele ya ukumbi mzima, ulimwambia Besi kwamba ameuvuta waya makusudi, kwa kijicho. Aliapa, hukumsikia. Kesho yake ukanipa swichi niikague, nami nikakurudishia nikisema ni nzima, haina tatizo lolote. Nilikudanganya. Nilipoifungua nilikuta uzi wa katikati umebanduka kwenye pini. Hakuna aliyeuvuta. Nilikuwa nimeulehemu mimi mwenyewe nilipokutengenezea swichi hiyo, juu juu, kwa haraka zangu, na lehemu haikushika. Nikaulehemu upya, nikakaza skrubu, nikanyamaza. Ulikuwa unamtambia kila mtu kwamba mdogo wako wa kike ni fundi, nikaona aibu. Nilidhani mtapatana baada ya wiki. Imekuwa miaka sita.

Jumanne nilimweleza Besi yote. Hakunitukana. Aliniuliza mara mbili kama nilijua tangu kesho yake ile, na mara zote mbili nikamjibu ndiyo. Akaondoka, amplifaya kaiacha pale pale. Nikajua huyu harudi tena. Jana akarudi, swichi nimeshaimaliza, akaikanyaga mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kisha akaniomba anwani yako.

Nimempa. Anakuja huko Jumamosi, na huenda akafika kabla hasira zako kwangu hazijaisha. Mimi nigombeze utakavyo, nimestahili. Ila yeye akibisha hodi, mfungulie.

Mbusu mtoto mdogo kwa niaba yangu, na wifi mwambie namkumbuka. Mama anakusalimu sana. Naye nimemweleza, na tangu jana hasemi nami.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi