Maneno Sita ya Kufungulia Sauti ya Mama

Jericho, Nairobi,
Tarehe 9 Juni 2024.

Mpendwa dada yangu Muhonja,

Pokea salamu za kakako Kweyu. Mgongo wako unaendeleaje baada ya ile baridi ya huko Kanada? Mimi ni mzima kabisa. Miaka sabini na mitatu, na bado naranda mbao pale Kariobangi kuwashinda hao wa mashine. Dada yetu Selpher yupo, ila hapati usingizi, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Wana wa marehemu kaka yetu wanataka kumtoa kwenye shamba la mama. Wanasema mama hakumpa kitu. Wazee wa ukoo watakaa tarehe ishirini na tisa, na wanataka kuisikia ile sauti ya mama tuliyorekodi, akisema sehemu ya mtoni ni ya Selpher.

Sasa sauti yenyewe iko wapi? Unajua simu ya mama iliibwa, tukabaki na nakala ya Javan. Javan kwa vile ni mtoto wa Selpher, akaogopa kuambiwa ameichezea. Akaipeleka kwa hiyo kitu yao ya blokcheni. Inakatwakatwa, inafungwa, inatawanywa kwa kompyuta za watu wasiojulikana dunia nzima. Nikamuuliza mwenyewe ni nani nikamwone.

"Anko, haina mwenyewe. Hakuna ofisi, hakuna meneja. Ndiyo maana hakuna mtu anaweza kuibadilisha."

Na anacheka! Mama mzazi ametupwa vipande vipande kwa nyumba za wageni kama mifupa. Uchafu mtupu. Hata karani mvivu ana kiti na jina.

Ufunguo ni yale maneno ishirini na manne ya Kizungu. Javan alinikabidhi karatasi mimi mkubwa, hakubaki na nakala, akanionya nisiikate. Mimi nifundishwe na Javan? Siku ya ukumbusho wa mama, baada ya kugawa nyama, nikagawa na karatasi. Nyumba nne, kila nyumba maneno sita na nambari zake, mtu asifungue peke yake. Watu walinisifu, ulikuwepo.

Kipande cha Selpher kipo. Everline, mjane wa kaka, alileta chake mwenyewe, wanawe wakimkodolea macho. Shemeji huyo nilimdharau bure. Chako unacho. Changu nilikificha nyuma ya droo ya kabati nililounda bila msumari hata mmoja. Jana nikavuta droo, nikakuta unga wa karatasi na mavi ya panya. Kabati halina kosa. Panya wa siku hizi ndio hawana adabu.

Selpher sijamwambia. Javan anasema bila hayo sita hakuna wa kumlilia.

Lakini dada, siku ile kabla sijashika makasi, nilikukuta na ile karatasi mbele yako, ukiandika ndani ya kitabu chako cha nyimbo. Nilikufokea mbele ya watu, nikakuita kiherehere, nikakuamuru ufute. Ulifunga kitabu, na tangu hapo simu zangu hushiki.

Naomba iwe hukufuta. Kama ulinikaidi, ulifanya vyema, na mimi ndiye niliyekosa. Nangila wa kanisa letu, aliyekuletea barua hii, ana namba ya Javan. Mpigie Javan umsomee kwa mdomo maneno yako na yale yangu sita, usiandike kwa simu.

Nisalimie shemeji Ndirangu na mpwa wangu Wanja. Mungu aliyempa mama miaka tisini na minne akulinde, wewe na kitabu hicho.

Wako akupendaye, hata nikifoka,
Kaka Kweyu.