Nani Anapasua Chupa?

Mpemba,
9 Agosti 1953

Kaka Efraimu,

Pokea salamu zangu na za mama. Kifua kimemwachia tangu baridi ipungue, na jana alikwenda shambani kwa miguu yake. Nasi twaomba mgodi usikulemee huko Nkana. Dada Ruti anakusalimu. Mumewe Isaka naye anakusalimu, ingawa salamu zake nazileta kwa shingo upande.

Kaka, koili, ile mizunguko yetu ya waya, imewaka! Ile transfoma uliyoiokota kwenye taa mbovu za sinema ukanitumia nimeifunga na jenereta, na injini ya mashine ya kusaga ya shemeji ikaizungusha kwa mkanda, Jumapili iliyopita baada ya ibada. Penye mwanya wa cheche, pale umeme unaporuka, pakawa na mlio kama bisi zinakaangwa, kisha juu ya koili ndefu ukatoka mwale wa buluu, urefu wa kiganja. Nilipiga kelele peke yangu. Ni sawasawa na ile tuliyomwona nayo yule mhandisi Mzungu, waliyoiita koili ya Tesla.

Haikudumu. Chupa moja ya bia yenye maji ya chumvi, kati ya zile zinazotunza umeme, ilipasuka na kila kitu kikazima. Isaka alikuwa amesimama karibu nazo. Tangu mwanzo ananung'unika kwamba wateja wanasema natengeneza radi ya kupiga watu. Kaka, chupa nzima hupasuka yenyewe?

Mdogo wako,
Ezron


Nkana,
2 Septemba 1953

Mdogo wangu Ezron,

Nimeshukuru kusikia mama anapumua vizuri. Mimi sijambo, ila zamu za karakana zinanikausha macho.

Ndiyo, hupasuka yenyewe. Chupa ya bia haikutengenezwa kubeba umeme mkali namna hiyo. Kioo chake kina povu la hewa hapa, wembamba pale, na umeme huutafuta udhaifu huo. Tazama kipande. Ukiona kitundu kama cha sindano chenye masizi, huo si mkono wa mtu. Punguza mwanya wa cheche ili umeme usipande kupita kiasi, na utafute chupa nene.

Na Isaka umwache. Amekupa injini yake na dizeli yake, wala hakukuuliza faida.

Kaka yako,
Efraimu


Mpemba,
11 Oktoba 1953

Kaka Efraimu,

Hapa joto tu, tunatazama mawingu yakipita kwenda kwa wenzetu. Mama hajambo. Nawe usijichoshe.

Vile vipande nilikuwa nimeshavitupa kabla barua yako haijafika. Sasa imeungua koili ndefu yenyewe. Umeme ulikata njia juu ya vanishi, ukaacha mstari mweusi toka juu hadi chini, na waya wote niliouzungusha kwa mkono umeharibika. Vanishi hiyo alinisaidia kuipaka Isaka. Nilimwuliza mbele ya dada:

"Shemeji, uliweka nini humu?"

"Vanishi uliyonipa."

"Na nini kingine?"

Alinitazama sana. "Shemeji, ukitaka nitoke kwenye mashine yangu, sema."

Umeona, Kaka? Hakukana. Nikamwomba dada apekue mkoba wa mumewe. Alikataa. Nikamwambia mume ni mume lakini damu ni damu, na mwishowe akapekua. Mlikuwa na tumbaku na spana, basi. Ila Isaka aliingia akamkuta dada mkoba uko mikononi. Akauchukua, akautundika msumarini, akatoka. Mtu asiye na hatia angenyamaza hivyo? Nimetia kufuli stoo ya nyuma ilimo koili. Haingii mtu tena.

Mdogo wako,
Ezron


Nkana,
15 Novemba 1953

Ezron,

Msalimie mama. Nyingine sina leo, nimekasirika.

Vanishi ile uliianika wapi? Humo humo kwenye mashine, sivyo? Vanishi mbichi hunasa vumbi la unga kama gundi. Unga ukiungua huwa mkaa, na mkaa ni barabara ya umeme. Hakuna aliyeweka kitu. Ni sembe za watu wa Mpemba.

Ruti hajaniandikia tangu Septemba, naye hana tabia hiyo. Wewe unaniandikia habari za waya. Kuna lipi ambalo huniambii? Nenda kaombe radhi, usingoje kesho.

Kaka yako,
Efraimu


Mpemba,
20 Desemba 1953

Kaka Efraimu,

Mvua imeshuka, mama mzima. Barua yako ilikawia sana njiani, na kabla haijafika mambo yalikuwa yamekwisha kujisema.

Isaka alikuwa amekwenda Ivuna, kunakopikwa chumvi, pamoja na dada. Nikadhani wamefuata chumvi. Nikazungusha waya upya, nikauanika nyumbani kwa mama, nikatafuta chupa nene. Nikawasha injini, nikajifungia stoo peke yangu. Mwale ulitoka mrefu kuliko wa kwanza, na mrija wa taa niliokuwa nimeushika ukawaka bila waya wowote. Kisha chupa ikapasuka mbele ya macho yangu. Niliokota kipande nikakipeleka mwangani. Kitundu kama cha sindano, na masizi. Nilikitia mfukoni, nikaenda kwa mama.

Hawakufuata chumvi, Kaka. Wamehama. Ufunguo niliofungulia mashine Isaka alimwachia mama, na siku hiyo ndipo mama aliponipa maneno yake: "Asage yeye. Mimi siwezi kukaa na mtu anayechunguza vidole vyangu." Watu hawaleti mahindi. Wanasema radi niliyonayo ndani imemfukuza hata mwenye mashine.

Mdogo wako,
Ezron


Mpemba,
17 Januari 1954

Kaka Efraimu,

Tumeupokea mwaka salama, na mama anakuombea. Nimerudi kutoka Ivuna.

Nilimkuta Isaka anachemsha maji ya chumvi. Sikukaa. Nilimpa kile kipande nikasema yote niliyomdhania, moja moja. Alikigeuzageuza juani. "Kumbe ni kitundu kidogo hivi," akasema, akacheka kidogo, akanisogezea kigoda. Alisema mvua zikiisha atarudi kwenye mashine, na koili niendelee nayo, mradi mlango uwe wazi.

Dada hakutoka. Nilimfuata jikoni, nikaanza kumweleza habari ya povu la hewa kwenye kioo. Akanikatiza.

"Isaka amekusamehe. Mimi bado."

"Dada, sasa tunajua si yeye."

"Wewe ndiye umejua sasa. Mimi nilijua tangu mwanzo, na bado nikampekua. Tangu siku ile, akivua koti macho yangu yanakwenda mfukoni. Sitaki, lakini yanakwenda. Naye huniona. Hiyo, Ezron, utaitengeneza kwa kitu gani?"

Nilimkatia kuni, nikaziweka mlangoni, nikaondoka.

Kaka, transfoma nyingine usitume kwanza. Na kama unayo maneno ya kumfaa dada, usiniandikie mimi. Mwandikie yeye.

Mdogo wako,
Ezron