Wanaochomekea Darajani

Alhamisi, 30 Mei

Watu hawana haya! Tangu waanze kukarabati daraja, njia mbili zinakuwa moja, ya kulia imefungwa kwa mapipa. Bango limewekwa mapema kabisa, kubwa kama mlango. Sisi wenye adabu tunahamia kushoto, tunapanga foleni. Wao? Wanakimbia na njia ya kulia iliyo tupu mpaka kwenye mapipa, kisha wanaingiza pua. Bila indiketa. Bila hata kukutazama usoni.

Na nani anawapisha? Mume wangu! Bwana Karibu mwenyewe. Anakanyaga breki, anawaashiria kwa vidole, pita ndugu yangu. Nikilalamika anasema njia ipo, kwa nini isitumike. Mtu anatengeneza lifti siku nzima, amezoea kusubiri mlango ufunguke.

Leo pikapu ya mbao imechomekea, mbao zinaning'inia nusura zituvunjie kioo — na hapo ndipo alipochagua kuniambia. Kampuni imempa uhamisho. Mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Anaondoka Jumamosi ya wiki ijayo. Akauliza kama tutakwenda wote.

Nikamwambia amtazame kwanza huyo mwenye mbao.

Akamtazama. Hakuuliza tena.

Ijumaa, 31 Mei

Nimengoja arudie swali. Wapi. Tulichozungumza ni teksi nyeupe.

Jumatatu, 3 Juni

Nyumba imejaa maboksi. Wifi yangu, mdogo wake anayekaa nasi tangu aanze chuo, anakunja mashati ya kaka yake huku anaimba. Ukuta wetu ni jina tu. Ukikohoa chumbani, sebuleni wanakupa pole. Maneno ya maana hayasemeki humo. Chumba chetu ni gari, tena asubuhi tu, maana jioni hurudi na mafundi wenzake.

Niliamka nimejiandaa. Tukifika kwenye foleni nitamwambia: niulize tena. Maneno mawili, si mzigo. Tukafika. Nikavuta pumzi. Boza la maji! Limepita kulia kwa mbio, limekuja kujibana mbele yetu, linatudondoshea maji kwenye kioo. Nilisema! Nilisema mpaka darajani, nikavuka daraja nasema. Nilipofunga mdomo tuko mlangoni pa kliniki na yeye ananiambia kazi njema.

Pale mapokezi mgonjwa mmoja akawaruka wenzake, shavu limevimba kama andazi. Nikamrudisha kwenye benchi. Daktari wa meno akaniuliza leo nina nini. Nikasema usingizi.

Jumanne, 4 Juni

Leo hakuna aliyechomekea. Hata mmoja! Trafiki alisimama penye mapipa, anaruhusu mmoja wa huku, mmoja wa kule, na wote wamegeuka malaika. Nafasi ndiyo hiyo, nami nikakaa bubu. Sikuwa na wa kumsema. Na nisipokuwa na wa kumsema, sijui naanzia wapi kuzungumza na mume wangu. Imeniuma sana kulijua hilo.

Mwenyewe akasema kumbe wakipangwa wanaweza. Nikasema eh.

Jumatano, 5 Juni

Jioni kanishusha uani, kafungua buti, kanionyesha jeki ilipo na jinsi ya kulegeza nati za tairi. Gari ananiachia. Yeye atapanda basi. Nilishika spana nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema. Shingo yake ina grisi pale nyuma, pale asipopaona akioga. Nilitaka kuifuta. Sikuifuta.

Halafu wifi, jikoni, sauti ya chini:

"Wifi, kwani umeamua kubaki?"

Nikamuuliza nani kasema.

"Kaka. Anasema alikuuliza, ukamjibu habari za pikapu. Kapanga chumba kimoja huko. Na kitanda kidogo."

Nikamwambia atoke, nataka kuosha vyombo. Nimelia juu ya masufuria mpaka maji yakapoa. Nampenda. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayechomekea. Nampenda, na hasira nazo ninazo — mtu anayempisha kila mwenye pikapu anashindwaje kuniuliza mara ya pili?

Na mimi? Mimi nangoja nini?

Alhamisi, 6 Juni

Nimefungua mdomo! Nilisema, "Hivi..." Akazima redio. Akanigeukia kabisa, mwili mzima. Miezi mingi hajanitazama hivyo, au mimi ndiye sijamtazama.

Kijigari chekundu kikaingiza pua. Nikateremsha kioo, nikakitolea yote yaliyokuwa kooni. Yote. Dereva wake mama wa watu, mtu mzima, kashika usukani kwa mikono miwili, anatetemeka midomo.

Nilipopandisha kioo redio ilikuwa inasoma bei za sementi.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika ndani ya gari. Mwandiko unaruka, basi. Kesho alfajiri ni basi lake. Maboksi mawili yako kiti cha nyuma, anayapitisha stendi yatangulie. Mto wake uko juu ya maboksi. Mmoja. Sikuweza kuutazama, ndiyo nikatoa daftari.

Akauliza naandika nini. Nikamdanganya, orodha ya sokoni. Akasema, "Andika tu. Leo sina haraka."

Tuko mbele kabisa, penye mapipa. Trafiki hayupo. Gari la shule ya udereva limekuja kulia, mwanafunzi anahangaika na gia. Kampisha. Nyuma yake teksi. Kaipisha. Gari la mkate — kalipisha. Wawili wamefuatana, wamebanana, huo si ustaarabu hata kidogo! Kawapisha wote. Ulimi nimeubana kwa meno.

Wa nyuma yetu wanapiga honi. Mmoja kashuka, kagonga bodi ya gari, kauliza kama tumelala. Yeye ambaye hukosa raha akipigiwa honi hata moja, leo katulia. Redio kaizima tangu nyumbani. Mikono iko kwenye usukani na hanitazami. Anatazama kiooni, anatafuta mwingine wa kumpisha. Kaja mwenye bajaji. Kampisha.

Sasa njia ya kulia imekwisha watu. Hakuna tena wa kupishwa. Mbele yetu peupe mpaka darajani. Honi nyuma zimekuwa moja. Na bado hajaondoa mguu kwenye breki.