Jagi la Hermelinda

Chicago, 18 Januari 1998

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, figo zimetulia na ule mguu hauvimbi tena. Mimi sijambo, ila theluji imefika magotini na pua yangu siisikii. Efrén alikuja kuchukua masufuria yake yaliyobaki. Aliondoka kwa adabu, akafunga mlango polepole, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Usihuzunike. Ndoa imekwisha na mimi bado napumua.

Nakuandikia kwa jambo moja. Jumapili iliyopita nilitoka kazini kule kwa dobi nikiwa na hamu ya michelada ya mama. Nikanunua bia, ndimu na sosi nyeusi, nikapaka chumvi na pilipili kwenye ukingo wa glasi kama alivyokuwa akifanya. Baba, nilipoonja nilidhani nimekunywa dawa ya mafua. Nikaimwaga, kisha nikakaa jikoni nikalia. Mwaka haujaisha tangu tumzike na tayari kitu chake kimoja kimenipotea. Alikuwa anaifanyaje? Wewe ulikaa pembeni yake kila Jumapili tangu sijazaliwa.

Bintiyo,
Dorotea


Ures, Sonora, 3 Februari 1998

Dorotea mwanangu,

Marahaba. Huku tunajikongoja. Daktari amenikataza bia, amenikataza chumvi, na nikirudi kwake nadhani atanikataza na kucheka. Habari ya Efrén nimeisikia na sitasema neno, maana mama yako alishayasema yote siku ya harusi.

Unaniuliza mimi? Kazi yangu miaka yote ilikuwa kunyoosha mkono. Mama yako alikuwa na meza yake chini ya bati la uani, na mwanamume aliyesogea karibu alipigwa na kitambaa. Lakini ulimi wangu unakumbuka. Basi tufanye hivi: wewe uwe mikono, mimi niwe ulimi. Tengeneza, uniandikie ladha yake, nami nikuambie kilichopungua. Nitakuwa nainywa kwa barua, na hilo daktari hawezi kulizuia. Ila usichelewe. Sauti ya mama yako Hermelinda imeanza kunitoka masikioni, na ladha ile sitaki initoke pia.

Anza hivi. Ndimu ziviringishe mezani kwa kiganja kabla ya kuzikata, na usizikamue mpaka ganda, zitatoa uchungu. Ndani ya bahasha kuna chiltepín, zile punje nyekundu za pilipili ya mlimani kwetu. Zitwange na chumvi ya mawe. Glasi iwe ya baridi mpaka itoe jasho. Na nikisikia umetia juisi ya nyanya nakufuta kwenye wosia. Hiyo ni supu.

Babako,
Fidencio


Chicago, 1 Machi 1998

Baba,

Shikamoo. Figo zinasemaje? Mimi mzima, isipokuwa jicho la kushoto. Nilitwanga chiltepín kisha nikajisahau nikajifikicha. Niliruka jikoni mpaka yule bibi wa ghorofa ya juu akagonga sakafu kwa fimbo.

Glasi niliiweka nje dirishani ipate baridi. Njiwa akaja akasimama juu yake kama ni yake, ikabidi niioshe na kuanza upya. Lakini mambo yamebadilika, Baba. Ndimu haina uchungu tena. Ukingo unaunguza midomo, kisha bia inakuja inapooza, kisha koo linawaka kwa mbali. Ni kali, ni baridi, ni safi. Efrén angekunywa tatu.

Ila si ile. Ya mama nilikuwa nalamba ukingo wa glasi yake nikiwa mdogo, na ilikuwa na uzito fulani, kitu cha taratibu. Yangu inapita haraka. Nimejaribu kuongeza sosi, nimejaribu kuongeza ndimu, wapi. Kila Jumapili nikitoka kazini nafungua kopo langu moja, naitengeneza, nainywa nimesimama karibu na sinki. Niambie nakosea wapi.

Bintiyo,
Dorotea


Ures, 20 Machi 1998

Dorotea mwanangu,

Marahaba, na pole ya jicho. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya njiwa. Mguu umevimba kidogo, tuuache huo.

Umeandika kwamba ni kali na baridi na safi, lakini si ile. Mimi niliposoma nilisema ni ile kabisa! Nilimeza mate hapa kitandani. Sasa tunabishana nini? Jambo hilo lilinisumbua siku nzima, ndipo nikakumbuka. Mimi nilikuwa napewa glasi ya kwanza. Wewe ulikuwa unalamba ya mama yako, na yeye alikuwa anakunywa mwisho. Mwenye jagi hunywa mwisho, ndivyo ilivyokuwa kwao tangu kwa bibi yake. Alichanganya ndimu, sosi na pilipili kwenye lile jagi la udongo, akamgawia kila mtu kidogo, bia juu yake, na yeye akabaki na kilichokaa chini. Jambo hilo liliniuma sana. Nikamwambia, "Mke wangu, mbona unajipa masalio kama mbwa wa jirani?" Akanijibu, "Kunywa, Fidencio, ufunge mdomo."

Ladha unayoitafuta iko chini ya jagi. Nawe unaniambia kopo! Kopo, Dorotea? Mama yako alifungua kasa, ile chupa kubwa ya bia tuliyoipa jina la kasa wa baharini, na kasa haimfai mtu mmoja: hujafika nusu imeshapata moto na povu limekufa. Huwezi kufika chini ya jagi peke yako. Ukijaribu tutakuokota sakafuni. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi nakuuliza kama baba. Una watu huko? Tangu Efrén aondoke, nani anakikalia kiti chake?

Babako,
Fidencio


Ures, 10 Mei 1998

Dorotea mwanangu,

U hali gani? Pasaka imepita na posta haijaleta kitu kutoka kwako. Leo ni sikukuu ya kina mama, na imeangukia Jumapili, yaani nimepigwa mara mbili. Nimempelekea Hermelinda maua makaburini. Nikamwambia nadhani nimekuudhi.

Nimekuuliza kama una watu, na mimi mwenyewe? Tangu tumzike sijafungua geti Jumapili hata moja. Viti vya plastiki viko uani vimepandana, vimeota utando wa buibui. Wenceslao, baba yako wa ubatizo, huja akagonga. "Fidencio! Najua uko ndani, nasikia redio!" Nazima redio, najifanya nimelala. Naona haya. Watu wakija watataka kunywa, na mimi nitakaa katikati yao na glasi ya maji kama mgonjwa, na meza ya mama yako itakuwa haina mtu.

Kwa hiyo sikukuuliza kwa kukucheka. Nilikuuliza kwa sababu naogopa. Siku nikiondoka, mwanangu, sitaki uwe unakunywa umesimama karibu na sinki.

Niandikie, hata kunitukana.

Babako,
Fidencio


Chicago, 7 Juni 1998

Baba yangu,

Shikamoo, na nisamehe. Nilikasirika kweli. Niliposoma swali lako nilikitazama kile kiti nikakosa jibu, na mtu asiye na jibu huwa mkali. Barua yako ya sikukuu ndiyo iliyonivunja. Nimekuona umezima redio.

Wiki iliyopita nilinunua kasa mbili na jagi la udongo. Nikapanda juu kwa yule bibi wa fimbo. Anaitwa Jadwiga, ni mjane kutoka Poland, na alipofungua mlango alidhani nimekuja kugombana. Nikamwita pia Socorro wa kazini, mtu wa Michoacán, naye akaja na chupa ya juisi ya nyanya kwapani.

"Hiyo haiingii humu," nikamwambia.

"Kwetu bila nyanya si michelada, ni bia iliyolia."

"Basi ikalie kwako."

Wakakaa mpaka giza, na hapa siku hizi giza huchelewa. Bibi Jadwiga alikunywa glasi mbili, akatokwa na kamasi, akaomba ya tatu, akatuimbia wimbo wa kwao ambao hatukuelewa hata neno. Mgeni njoo mwenyeji apone, Baba, na mimi nimeanza kupona. Jumapili hii wamerudi wenyewe bila kuitwa.

Niligawa mpaka kikabaki cha chini kabisa, nikanywa mwisho. Nililia mbele yao, na Socorro akanifuta uso kwa aproni yangu. Ile ladha ilikuwepo. Lakini ilivyokuwa sikuandikii. Safari hii huinywi kwa barua. Daktari hajakukataza kuchanganya, wala kugawa. Fungua geti.

Bintiyo,
Dorotea


Ures, 5 Julai 1998

Dorotea mwanangu,

Marahaba, mtoto mkaidi. Mguu haujavimba wiki hii, na msalimie Bibi Jadwiga.

Nimefungua geti. Wenceslao alikuwa amesimama palepale, utasema hajaondoka tangu mwaka jana. "Umeamka?" akauliza. Nikamwambia afute viti. Wakaja na wengine, kila mmoja na kasa yake. Nikasimama kwenye meza ya mama yako kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikaviringisha ndimu, nikatwanga pilipili, na mwanamume aliyesogea karibu nikampiga na kitambaa.

"Chumvi imezidi," akasema Wenceslao.

"Kunywa ufunge mdomo," nikamwambia. Nikaisikia sauti ya mama yako, Dorotea. Ilitoka kinywani mwangu mimi, lakini ilikuwa yake.

Walipokuwa wanabishana mambo ya mpira, nikainama juu ya jagi. Sikunywa. Nilichovya ncha ya kidole tu, na daktari asisikie. Pilipili ilikuwa imelala kule chini muda wote, ndimu imelainika, kila kitu kimekaa na mwenzake. Niliyoizoea mimi ni nzuri, lakini hii ni nyingine kabisa. Maisha yangu yote nilimwonea mke wangu huruma kwa kunywa masalio, kumbe kitamu alikuwa anajibakizia mwenyewe, mjanja yule, na akakumegea wewe tu.

Nilicheka mpaka Wenceslao akaja mbio kuona kama nimepatwa na jambo. Nilipomweleza, naye akachovya kidole, akachovya tena. Sasa anasema Jumapili ijayo yeye ndiye atakunywa mwisho.

Nimemwambia haiwezekani. Mwenye jagi ni mimi.

Babako,
Fidencio