Mbwa wa Ghorofani

Mpendwa dada yangu Gwenllian,

Hapa Aberystwyth mvua haijaacha kunyesha tangu niteremke kutoka milimani, lakini vitunguu nilivyopanda kwenye ndoo vimeshika, na goti si baya sana.

Najua unangoja habari za mbwa. Uliponiambia, "Emrys, una miaka themanini na unaishi ghorofani, chukua kijibwa cha kupakata," nilikukatia simu. Mchunga kondoo mzima mimi, nionekane na kitu kama soksi! Nikamchukua Mot, mbwa wa kuchunga kondoo, kijana, mwenye mbio za ajabu. Kweli amenitesa. Juzi aliwazunguka watoto wote wa bustanini, akawaswaga kwenye kona moja kama kondoo, mama zao wakanijia juu.

Jumanne nilikwenda kununua mkate. Kutoka dukani, dada, sikujua kwangu ni wapi. Nilisimama tu na mkate kwapani, nikaona haya hata kuuliza. Mot akashusha kichwa, akanizunguka nyuma, akaanza kunisukuma miguu kwa pua. Nikienda kombo, ananikata njia. Muuza mkate akacheka mlangoni: "Mzee Emrys, leo nani anamtembeza nani?" Nikacheka naye. Mot alinifikisha mpaka nyumbani. Haikuwa mara ya kwanza.

Usimwambie mwanangu Rhodri, tafadhali. Atanihamisha tena, kama alivyonitoa milimani.

Ulisema mbwa wa aina hii hawezi kuishi bila kondoo. Usiwe na wasiwasi, dada. Kondoo anaye.

Kaka yako,
Emrys