Uso wa Baba

Mtoni, 9 Juni 1996

Kaka Twaha,

Shikamoo. Msalimie wifi Zubeda. Sie hatujambo, ukuta wa uani ulioangushwa na mvua tumeujenga upya.

Nilimpeleka Baba hospitali, maana mkono ulizidi kutetemeka. Picha ya ubongo haikuonyesha kitu. Daktari akamtazama anavyotembea na kuandika, akasema ni ugonjwa wa Parkinson. Unakaza mwili, hata uso unashindwa kucheka.

Nikakumbuka harusi yako, ulivyoondoka ukisema Baba kamnunia mkeo. Miaka mitatu hujakanyaga hapa.

Nilipomwambia nakuandikia, alisema polepole, "Mwambie siku ile nilifurahi. Uso tu ndio uligoma."

Dawa ameanza. Njooni wote wawili.

Mdogo wako,
Mwanakombo