Gari Lililonenepea Chumbani

Nyumbani kwenu,
S.L.P. ileile unayotumia kututupia vyuma.
6 Aprili.

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama watoto na wanangu wawili, na kwamba kile kifua kinachokusumbua kila baridi inapoanza kimetulia. Sisi huku hatujambo. Mama mkwe magoti yanamuuma akipanda ngazi, lakini mdomo uko salama. Juzi tu kamfukuza muuza ndoo aliyegonga mlango wakati yeye mama amelala. Mimi presha sina bado, ila nadhani iko njiani, na wanaoniletea ni watu wawili. Mmoja nalala naye kitanda kimoja, mwingine ndiye anayesoma barua hii.

Usicheke. Utani wa shemeji tutaurudia siku nyingine, leo nina hasira. Ningekupigia simu, lakini namba yako hakuna anayeijua humu ndani. Anwani tu ndiyo ninayo, maana huwa unaiandika vizuri kwenye kila boksi.

Boksi la mwisho tulilipata: springi fupi nne na madigadi manne mapana ya kufunika tairi. Kaka yako alilifungua juu ya meza ya chakula, akayatoa madigadi moja moja, akayafuta kwa kitambaa changu cha jikoni, akaanza kuyapima. Unamjua. Mtu anayetengeneza mizani ya watu kutwa nzima hawezi kukiamini kitu mpaka akipime. Chakula kilipoa, mimi na mama mkwe tukala peke yetu.

Sasa nikueleze habari ya chumba cha mbele, maana uliondoka kikiwa bado duka la marehemu baba mkwe. Duka lilipofungwa, kaka yako aliliweka gari humo kwa wiki mbili tu, eti paa la banda linavuja. Wiki mbili hizo zimetimiza miaka miwili. Mimi nashonea chumbani kwetu, cherehani iko kati ya kitanda na kabati, na kaka yako kila asubuhi anakwenda kazini na nyuzi kwenye soksi. Tulikubaliana, mama mkwe akiwa shahidi, kwamba gari likitoka chumba ni changu.

Mwezi wa pili nikapata kazi. Mwalimu mkuu wa shule ya hapa karibu alinipa sare za shule nzima, sketi, kaptula na mashati. Sijawahi kupata kazi kubwa namna ile. Nilikaa kwenye ngazi za shule nikalia kidogo, watoto wakinitazama. Sharti lake lilikuwa moja: Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa tatu angekuja kuona karakana yangu, na ndani yake cherehani tatu na meza ya kukatia. Asipoiona, vitambaa vinakwenda kwa fundi mwingine. Nilimwambia kaka yako siku hiyohiyo. Akasema hamna shida, gari limekwisha, bado kitu kidogo.

Kitu kidogo. Maneno hayo nimeyasikia tangu aliponioa. Kabureta zilikuwa zinafanya kazi, akazing'oa akaweka zile tatu ulizotuma. Injini ikanguruma vizuri, mama mkwe akashuka ngazi kwa magoti yake mabovu kuja kupongeza. Kesho yake kaka yako akaishusha injini yote chini kwa sababu ya mlio anaousikia yeye peke yake. Klachi kabadilisha. Eksozi kabadilisha. Viti kavivua mara mbili, na mara zote mbili nimevishona upya mimi, kwa hiyohiyo cherehani isiyo na mahali pa kukaa. Nilikuwa nalitania gari kwamba ni mke mwenzangu. Siku hizi sitanii tena, maana mke mwenza angalau angesaidia kuosha vyombo.

Basi madigadi yako yakaingia kazini. Alimleta Nyundo, yule fundi wa bodi mwenye mikono mikubwa, wakakata ya zamani, wakachomelea mapya, wakapaka puti, wakapiga msasa siku nne. Vumbi lake tulilila na chakula. Kaka yako alipima nafasi kati ya tairi na digadi kwenye kila gurudumu, akataka zote nne zilingane, zisipishane hata nusu milimita. Wakafunga springi fupi, gari likalala chini kama kuku anayeatamia. Wakapaka rangi. Sikatai, lilipendeza, ukilitazama unasahau kwamba Mjapani huyu ana umri mkubwa kuliko wangu.

Jumamosi kabla ya Jumatatu yangu tukawaita majirani wanne walisukume nje. Lilikwenda vizuri hadi mlangoni, likasimama. Wakasukuma tena, tukasikia mkwaruzo pande zote mbili. Mlango una sentimita mia na sabini na tano. Gari lilipoingia lilikuwa na mia na sitini na tatu. Sasa lina mia na themanini na tatu. Mji mzima unapima sukari na misumari kwa mizani alizozinyoosha mume wangu, na mlango wa nyumba yake hakuupima. Nilikuwa nikisikia watu wakisema mganga hajigangi, kumbe nimeolewa naye.

Nyundo alijitia anatafuta spana mfukoni. Mama mkwe alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, kisha akauliza kama nyumba siku hizi zinauzwa na magari yake. Kaka yako alitoa futi yake mfukoni akaupima mlango, halafu akaupima tena, kana kwamba ungemwonea huruma.

Jumapili asubuhi nilimwita mwashi abomoe mlango. Akagonga ukuta, akasikiliza, akasema nguzo iliyo pembeni mwa mlango ndiyo inayobeba chumba cha mama mkwe kule juu, na yeye hataki kesi ya kumwangusha mzee wa watu. Nikasema basi madigadi yakatwe. Hapo kaka yako akageuka jiwe. Eti hayakatwi, ameyatuma mdogo wake. Nikisema kesho mwalimu anakuja, jibu ni hilo. Nikisema nitapoteza kazi, jibu ni hilohilo. Mwisho akanishauri nishone hivyohivyo, nizunguke gari, eti boneti ni pana na linafaa kuwa meza ya kukatia.

Nikafanya alivyosema, kwa hasira. Nilitandika shuka juu ya boneti, nikakata na kushona mashati ya mfano ya kumwonyesha mwalimu. Shati la tatu likateleza, likaingia chini ya injini, likatoka na doa la oili mgongoni, jeusi, kubwa kama kiganja. Sikupiga kelele. Nilimpelekea kaka yako, nikaliweka mapajani pake, nikaenda kuketi na mama yake. Unanijua mimi ni mtu wa maneno. Nadhani kule kunyamaza kulimtisha kuliko kelele zote za miaka tisa.

Baada ya saa moja nikasikia grenda inakata chuma. Nilipochungulia, alikuwa ameshachora mstari kwa rula kwenye kila digadi, na Nyundo anaufuata. Yeye alikuwa amelishika lisianguke, uso kaugeuzia ukutani. Nilimwonea huruma, nakuambia kweli, lakini sikuwaambia waache.

Alasiri gari likatoka, limekonda na limejaa makovu. Likasimama uani, mbele ya mlango wangu, na ili lifike bandani lazima lipande ule mteremko wa changarawe. Majirani walikuwa wamechoka. Nyundo akasema injini si inawaka, mzee, liwashe ulipandishe. Kaka yako akasimama na ufunguo mkononi. Nyundo akajitolea kuliendesha yeye, akakataliwa. Jirani mwingine naye akakataliwa. Mimi nikajua ni yaleyale, bado kuna kitu kidogo. Nikaingia kiti cha abiria, nikafunga mlango, nikamwambia sitoki humu mpaka gari litembee.

Akaingia. Akashika usukani kwa mikono miwili, akakaa hivyo. Kisha akaniambia, bila kunitazama, kwamba hajui kuendesha.

Shemeji, nimeishi na mtu huyu miaka tisa. Nimemwona ameifungua injini ile hadi skrubu ya mwisho, akaipanga tena amefumba macho. Anakwenda kazini kwa baiskeli, na mimi siku zote nikidhani ni ubahili wa mafuta.

Halafu akanieleza habari ya siku ile, nayo wewe unaijua kuliko mimi, ila nakuandikia nilivyoisikia. Mlilinunua pamoja likiwa bovu, mkalifufua, na siku lilipowaka mara ya kwanza ukampa usukani kwenye uwanja wa nyuma ya maghala, umfundishe. Badala ya breki akakanyaga mafuta, akalipiga nguzo. Marafiki zako walikuwepo. Nawe, mdogo wake wa tumbo moja, ukamwambia mbele yao kwamba ashike mizani yake, magari awaachie wanaume. Naye akakujibu neno ambalo mimi amekataa kunitajia. Mwezi uleule ukasafiri, hakuna aliyemuaga mwenzake. Mwaka mmoja baadaye likaja boksi la kwanza, lina taa mpya ya mbele, badala ya ile iliyovunjika. Ndani hakuna barua.

Kumbe ndiyo sababu gari haliishi. Likiisha, itabidi mtu aliendeshe. Na kila likikaribia kuisha, wewe nawe unatuma boksi, nadhani kwa sababu ileile, maana likiisha utakuwa huna tena la kumtumia. Mimi katikati yenu nimekaa na cherehani mguuni pa kitanda.

Nilishuka, nikawaomba wale majirani nguvu za mwisho, na mimi mwenyewe nikasukuma. Likafika bandani, na usiku uleule nikaingiza chumbani cherehani yangu, mbili za kuazima na meza ya kukatia. Jumatatu mwalimu mkuu akaja, akatazama, akauliza harufu ya oili inatoka wapi, nikamwambia ni ya cherehani. Vitambaa vililetwa kesho yake. Ninavyokuandikia nina akina mama wawili nyuma yangu wanashona kaptula, na chumba ni changu. Kwa hiyo usidhani ninayoyasema sasa nayasema kwa sababu ya chumba.

Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Mimi nimelima miaka yote hii, Shemeji, mgongo unaniuma, nataka kapu. Karani wa posta nimeshamwambia: boksi lolote kutoka kwako lirudishwe lilikotoka. Umemwomba kaka yako radhi kwa taa, kwa kabureta, kwa klachi na kwa springi. Ameyapokea yote na ameyafunga yote kwa mkono wake, na lile neno bado liko palepale uliposimama ukalisema. Chuma hakijui kusema samahani. Wewe ndiye mdogo, wewe ndiye utakayekuja.

Njoo ukipata likizo. Ukifika, mwamkie kwanza kama mkubwa wako, kisha ukae kiti cha abiria, ufunge mdomo, na akilipiga nguzo useme pole. Mimi nimeshampendekezea Nyundo amfundishe, ni mpole na hana haraka. Kaka yako akasema hapana, mwalimu anaye, atamsubiri.

Mama mkwe anakusalimu, anasema ukichelewa magoti yake yatashindwa kushuka ngazi kukupokea. Binti yetu anamsalimu baba yake mdogo ambaye hamjui. Nisalimie sana mama watoto, na wanangu uwabusu wote wawili kwa niaba yangu. Mungu akulinde, akupe afya, na ukikosa yote akupe nauli.

Wako akupendaye, ijapokuwa leo amekukasirikia,

Shemeji yako wa cherehani.